Fungu, Kipwa na Kisiwa: Msamiati wa Bahari Katika Ramani za Kale

Ramani za bahari za Waingereza za karne ya 19 zina desturi moja. Nchi kavu imeachwa nyeupe, isipokuwa vilima vichache vilivyoonekana kutoka chomboni, na bahari imejaa tarakimu za kina cha maji. Kwa visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, kazi hiyo ilifanywa na Kapteni William Fitzwilliam Owen, aliyepima mwambao wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1820 akiwa na manowari Leven na Barracouta. Homa iliwaua wengi wa maofisa na mabaharia wake. Waliosalia walirudi kwao na karatasi zilizokuja kuziongoza meli kwa miaka mingi, na baadhi ya majina waliyoyaandika yamo hadi leo katika hati za serikali zetu.

Mimi huzisoma ramani hizo kwa ajili ya maneno yake. Mbele ya kila jina huuliza swali moja: aliyelitamka alikuwa amesimama wapi? Juu ya sitaha ya manowari, au ndani ya ngalawa, au kwa miguu yake mchangani, maji yakiwa yamepwa hadi kwenye mwamba? Majibu yanatofautiana, na tofauti hizo zimeacha alama katika Kiswahili tunachokitumia shuleni, mahakamani na kwenye magazeti.

Tuanze na neno ramani lenyewe. Asili yake ni Kiajemi: rah ni njia, nama ni waraka au kitabu. Mabaharia wa Kiarabu walilichukua wakaliita rahmani, na Ahmad ibn Majid wa Julfar, nahodha na mwandishi wa karne ya 15, analitaja katika maandishi yake kuhusu elimu ya bahari. Rahmani ya zama hizo ilikuwa kitabu cha maneno. Ilimweleza nahodha nyota ipi aifuate na iwe juu ya upeo wa macho kwa vidole vingapi. Ilimwambia aondoke bandarini siku ya ngapi baada ya Nairuzi, ule mwaka wa jua ambao watu wa Makunduchi bado wanausherehekea kwa Mwaka Kogwa. Ilimtajia dalili za kukaribia nchi: rangi ya maji, aina ya ndege, nyoka wa baharini wanaoonekana karibu na pwani ya India.

Kwa hiyo neno letu lilikuwa na msafiri ndani yake. Lilikusudia safari yenye mwanzo, majira na mwisho. Baadaye likahamia kwenye mchoro, na mchoro hauna majira: bahari ya kusi na bahari ya kaskazi zinachorwa kwa wino uleule. Hata mshale wa kaskazini uliochorwa pembeni mwa karatasi, ukiusoma kwa Kiswahili, unarudisha kitu ambacho mchoraji hakukiweka. Kaskazini ni upande wa upepo wa kaskazi, unaoanza kuvuma Novemba au Desemba na kuleta majahazi kutoka Uarabuni na India. Kusini ni upande wa kusi, unaoyarudisha. Pande mbili kuu za dira yetu ni pepo mbili, na kila moja ina miezi yake.

Kuhusu majina ya visiwa nitasema machache, maana yameshaandikiwa sana. Zanzibar imetokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya pwani ya Wazanji, na katika ramani za Ulaya za karne ya 16 hadi ya 18 jina hilo, likiandikwa Zanguebar, lilitandazwa juu ya sehemu kubwa ya mwambao. Polepole lilipungua upana hadi likakaa juu ya kisiwa kimoja. Wenyeji wa kisiwa hicho walikuwa na jina lao, Unguja, ambalo Yaqut al-Hamawi aliliandika kwa umbo la Lanjuya mapema katika karne ya 13. Sisi tunatofautisha vizuri: Unguja ni kisiwa, Zanzibar ni nchi yenye Unguja, Pemba na visiwa vidogo vinavyovizunguka. Ramani ya Kiingereza iliyaita yote mawili kwa jina moja, ndiyo maana hadi leo wageni wengi husema wametoka Zanzibar wakaenda Pemba, utadhani wamevuka mpaka. Pemba nayo Waarabu waliiita Jazira al-Khadhraa, kisiwa cha kijani, na yeyote aliyekikaribia kwa chombo wakati wa masika anajua kwa nini.

Tofauti za tahajia hazinishughulishi sana. Wareno waliandika Quiloa na Monfia, Wajerumani wakaandika Bagamojo na Daressalam. Kila mmoja alisikia kwa sikio lake na kuandika kwa herufi za kwao, na mji ukabaki mji. Namheshimu hapa Oscar Baumann, Mwaustria ambaye vitabu vyake vitatu kuhusu Mafia, Unguja na Pemba vilichapishwa Leipzig kati ya 1896 na 1899. Yeye alishuka chomboni na kuingia ndani ya visiwa, kwa hiyo katika ramani zake ile sehemu nyeupe ya katikati inaanza kupata vijiji. Kushuka chomboni kunabadilisha msamiati.

Kinachonishughulisha zaidi ni maneno ya jumla, yale yanayotaja aina ya mahali, kwa sababu hayo ndiyo istilahi. Na katika hayo hakuna lenye uzito kuliko pwani.

Pwani ni kitenzi kilichogeuka kuwa mahali. Maji hujaa, maji hupwa. Pwani ni pale yanapopwa. Ni eneo zima kati ya maji makuu na maji madogo, lenye upana unaobadilika kila siku kwa mujibu wa mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huko Unguja inaweza kufika mita nne. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua. Kwa hiyo pwani ya Paje siku ya bamvua si pwani ya Paje wiki moja baadaye. Neno linayajua yote hayo, halihitaji maelezo.

Mchoraji wa ramani, kwa upande wake, alitakiwa achore mstari. Lazima nchi iishie mahali na bahari ianzie hapohapo. Hapo ndipo upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Chwaka hadi Makunduchi, ulipopata sura isiyowatosha wenyeji. Kati ya mstari wa nchi na mwamba wa nje kuna uwanda mpana wa mchanga, majani na mawe unaokauka mara mbili kwa siku. Kwa meli ya Owen uwanda huo ulikuwa hatari, nao ukawekewa alama za hatari. Kwa mwanamke wa Jambiani ni mahali pa kazi. Hapo ndipo wanawake wa mashariki ya Unguja wamechokoa pweza na kuokota chaza kwa vizazi, na tangu 1989 ndipo walipopanda mwani, wakizipanga siku zao kwa bamvua. Wana vigingi pale, wana kamba, na kila mmoja anajua shamba lake linaanzia wapi na la jirani linaishia wapi. Kwenye ramani, mashamba hayo yote yako baharini.

Sasa jambo ambalo lilinifanya nione kwamba neno hili halina ukale wowote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unaeleza bahari ya nchi ipimwe kuanzia wapi. Jibu lake ni mstari wa maji kupwa, kama ulivyowekwa kwenye ramani kubwa zinazotambuliwa rasmi na nchi yenyewe. Kutoka hapo ndipo zinapohesabiwa maili 12 za bahari ya ndani ya mamlaka na maili 200 za ukanda wa uchumi. Yaani wanasheria wa dunia nzima, baada ya mabishano ya miaka, wameuanzisha mpaka wa taifa la pwani mahali ambapo Kiswahili kimeiweka pwani tangu zamani.

Tena mkataba huohuo una istilahi nyingine ngumu. Unataja ardhi ya asili iliyozungukwa na maji, inayoonekana maji yakipwa na kufunikwa maji yakijaa, na unaitenganisha na kisiwa, ambacho lazima kibaki juu hata maji yakijaa. Nimeona watafsiri wakihangaika na dhana hiyo kwa maneno sita au saba. Neno lipo, nalo ni kipwa. Kipwa ni mwamba au fungu linaloibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Wingi wake vipwa. Limejengwa juu ya mzizi uleule wa pwani, mtoto yeyote wa mvuvi angelielewa hata akilisikia mara ya kwanza, na lina mpaka wa maana ulio sawasawa na ule wa sheria. Ni nadra sana istilahi ya kitaalamu ikutane na neno la kienyeji bila kupunguza wala kuongeza. Ikitokea, ni wajibu wetu kulitumia.

Karibu na kipwa lipo fungu, na hapa ramani za kikoloni zimefanya jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Fungu ni rundo la mchanga baharini. Ni neno lilelile la fungu la samaki sokoni, kitu kilichokusanywa kikawekwa pamoja, na mwenye kukikusanya huku ni mkondo. Wachoraji wa Kiingereza waliliacha neno hili mahali pengi bila kulitafsiri, kama walivyoliacha rasi katika majina ya mfano wa Ras Nungwi. Mbele ya Dar es Salaam, Fungu Yasini bado linaitwa hivyo, na tangu 1975 limo katika hifadhi ya bahari pamoja na Mbudya, Bongoyo na Pangavini. Jina lake lina sura ya Kurani ndani yake, na anayejua Yasini husomwa wakati gani hataomba afasiriwe.

Lakini mbali kusini-mashariki ya Unguja, peke yake katika bahari kuu, kuna ardhi ndogo ya matumbawe, tambarare, isiyo na mti, makazi ya ndege wa baharini. Wavuvi wanaiita Fungu Kizimkazi. Ramani inaiita kisiwa cha Latham, kwa jina la meli ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki iliyopita pale katika karne ya 18. Tazama mambo mawili yaliyobadilika kwa mkupuo. Kwanza, mwenye mahali. Jina la kwanza linasema watu wanaofika pale hutoka kijiji gani, na kwa hiyo chombo kikipotea huko ukaulize wapi. La pili linasema meli ipi ilipita. Pili, daraja la mahali. Fungu limepandishwa likawa kisiwa.

Hilo la pili lina matokeo ya kisheria hadi leo. Chini ya mkataba wa 1982, kisiwa kinachoweza kubeba maisha ya watu au shughuli zao za kiuchumi kina haki ya ukanda wake wa uchumi, na mwamba usioweza hauna. Neno analolichagua mchoraji linaweza kuvuta au kuachia maelfu ya kilomita za mraba za bahari, pamoja na samaki na gesi iliyomo. Sisemi Fungu Kizimkazi ni hili au lile mbele ya sheria; hilo ni la mahakama na serikali. Ninalosema ni kwamba Kiswahili kilikuwa na ngazi zake, kipwa, fungu, kijisiwa, kisiwa, na tusizifumbie macho ngazi hizo kwa kuwa karatasi ya kigeni ina neno moja tu.

Mfano wa kinyume chake upo mbele ya Pangani. Maziwe kilikuwa kisiwa kweli, chenye misitu midogo ya mivinje, na kasa wakipanda kutaga mayai. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bahari ilianza kukila, miti ikaanguka, na muda si mrefu kikawa mchanga mtupu unaoonekana maji yakipwa. Hati zinaendelea kukiita kisiwa. Ukimsikiliza mvuvi anayewapeleka watu huko kuogelea, atakwambia anakwenda fungu. Maneno yetu yanaruhusu mahali kubadilika, kwa sababu yalitungwa na watu walioona mahali pakibadilika. Maji yakijaa hupwa, na ardhi pia.

Siku hizi tunaambiwa bahari inapanda, na visiwa vidogo kadhaa vya mwambao vitapita njia ya Maziwe. Tutahitaji istilahi za kueleza hatua za kupotea huko. Tunazo.

Kuna aina ya tatu ya majina katika ramani hizo, na hii ndiyo inayoniuma. Ni majina ya meli na ya watu wa melini. Kaskazini ya Nungwi, kati ya Unguja na Pemba, bahari inapanda ghafla kutoka vilindini na kuwa na mgongo uliozama. Ramani inauita kwa jina la manowari Leven. Ghuba kubwa ya kusini-magharibi ya Unguja, yenye Uzi, Unguja Ukuu, Fumba na Kizimkazi kandoni mwake, inaitwa Menai. Menai ni mlango wa bahari huko Wales, na lilikuwa pia jina la manowari ya Kapteni Fairfax Moresby, yuleyule aliyetia saini na Sayyid Said, mtawala wa Oman, mwaka 1822 mkataba wa kupunguza biashara ya watumwa. Moresby naye aliacha mstari baharini, uliovutwa kutoka Rasi Delgado hadi Diu nchini India, ambao upande wake mmoja usafirishaji wa watu uliruhusiwa na upande wa pili ukakatazwa. Hakuna nahodha aliyeweza kuuona mstari huo kwa macho. Waliokuwa wamefungwa ndani ya majahazi, hatima yao ilitegemea jahazi liko upande gani wake.

Mombasa ndiko somo hili lilikoandikwa wazi kabisa. Mwaka 1824 Owen aliuweka mji chini ya himaya ya Uingereza kwa ombi la watawala wake wa ukoo wa Mazrui, mpango uliodumu hadi 1826 tu, na akamwachia usimamizi luteni kijana aliyeitwa Reitz, ambaye alifariki mwaka huohuo. Maji ya ndani upande wa magharibi ya kisiwa yakapewa jina lake, Port Reitz. Lakini ili meli ifike Port Reitz lazima ipite Kilindini. Kilindi ni mahali penye maji marefu. Jina hilo ni habari kamili kwa nahodha: hapa pana kina, ingia. Bandari kubwa kuliko zote za Kenya imejengwa juu ya ushauri uliomo ndani ya neno, na jirani yake kuna jina linalotuambia tu kwamba kijana mmoja wa mbali alifariki. Namhurumia kijana huyo. Hata hivyo najua ni lipi kati ya majina hayo mawili lililofanya kazi.

Vivyo hivyo Nungwi. Ramani ina Leven, lakini abiria wa Pemba wana mkondo wa Nungwi, na wakilitamka jina hilo hunyamaza kidogo. Ni katika maji hayo ambapo meli ya MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 na mamia ya watu wakafa. Mkondo ni neno la mwendo: maji yanakwenda, na yanakwenda kwa nguvu. Anayelisema anakuonya.

Nisiwadhulumu wapimaji. Tarakimu zao nilizozitaja mwanzo ni kazi ya heshima, na kwa kipimo ambacho wavuvi wetu wanakielewa. Zilihesabiwa kwa urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa, na hiyo ndiyo pima yetu, mikono minne kwa hesabu ya zamani. Baharia Mwingereza alishusha risasi yenye kamba na kupiga kelele idadi. Baharia wa jahazi alishusha bildi na kufanya vivyo hivyo. Ukizisoma tarakimu hizo kwa utulivu unaiona tofauti ya visiwa vyenyewe. Kati ya Unguja na bara maji ni ya makumi ya mita tu, kwani Unguja iliwahi kuungana na bara wakati bahari ilipokuwa chini. Kati ya Pemba na bara kina ni cha mamia ya mita. Wapimaji waligundua hilo kwa subira, kamba kwa kamba, wakifa kwa homa. Lawama yangu haiko kwenye hesabu zao.

Wala si kila jina la kienyeji linasimama mahali pa haki. Fikiria Ng'ambo. Mji wa Zanzibar ulikatwa na hori, na ramani za mji zinaonyesha nyumba za mawe upande mmoja, na upande wa pili vibanda vya makuti vimewekewa jina hilo moja kwa eneo zima. Ng'ambo ni ng'ambo kwa aliye upande huu. Wengi wa walioishi huko walikuwa watumwa na vizazi vyao, na walijiita kwa mitaa yao. Lakini jina lililoshinda ni la aliyewatazama kutoka Mji Mkongwe. Hori limefukiwa, Darajani hakuna tena daraja, na jina la Ng'ambo bado lipo. Kiswahili nacho kina sitaha zake.

Mwambao lina mtazamo wa namna hiyo pia, ila mwema zaidi. Limetokana na kuambaa, kwenda kandokando bila kuachana na kitu. Mwambao ni nchi kama inavyoonekana na mtu aliye ndani ya chombo kinachoifuata. Kwa hiyo mahali pamoja pana majina mawili: pwani kwa anayesubiri maji yapwe, mwambao kwa anayepita. Nayapenda maneno hayo mawili kwa pamoja, maana yanakiri kwamba mwenye miguu na mwenye tanga hawaoni kitu kimoja, na hakuna aliyemfuta mwenzake.

Na kuna majina yenye kisa ndani yake, ambayo ramani inaweza kuyanakili na bado isiyabebe. Magharibi ya Pemba kipo kisiwa cha Misali. Wapemba husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akatazama umbo la kisiwa, jinsi kilivyochongoka kuelekea kibla, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mithili ya msala. Kinachofuata kwa mvuvi Mwislamu ni dhahiri: mahali pa sala hapachafuliwi. Hifadhi ilipoanzishwa kisiwani mwaka 1998, mafundisho ya dini kuhusu kutunza viumbe yalitumika kuwaelimisha wavuvi, na yalikuta njia imeshatengenezwa na jina. Kwenye karatasi ya Kiingereza, Misali ni herufi sita kandoni mwa tarakimu za kina.

Nimeandika haya kwa kuwa nadhani muda unatukimbia. Katika shule za sekondari za Tanzania jiografia hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Bwejuu hujifunza istilahi ya kigeni ya bamvua na kufaulu mtihani, asijue kwamba bibi yake alikuwa akilitaja jambo hilohilo kila alipotoka na kapu lake alfajiri. Mvuvi mwenye chombo cha setilaiti mkononi husoma namba na kufika, na majina ya miamba aliyokuwa akiyataja baba yake, mwamba kwa mwamba, hayana tena kazi ya kila siku. Jina lisilo na kazi hufa haraka.

Nayaomba mabaraza ya Kiswahili ya Zanzibar na ya Taifa, BAKIZA na BAKITA, yalichukue neno kipwa na kuliweka rasmi katika tafsiri za sheria ya bahari, pamoja na fungu, kilindi, mkondo na mlango wa mwamba, yaani pengo ambamo chombo hupita, kila neno na maana yake iliyopimwa. Naviomba vyuo vyetu, na hasa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, viwatume wanafunzi Nungwi, Tumbatu, Kojani, Jibondo na Kizimkazi wakiwa na ramani za kale mikononi, waandike jina la mwenyeji pembeni mwa kila jina la meli. Ramani mpya za serikali ziyachapishe yote mawili. Nawe msomaji uliye na mzee wa bahari nyumbani, usisubiri chuo. Muulize majina ya mafungu na milango anayopita, andika kila moja kama anavyolitamka, andika huonekana maji yakiwaje, na andika nani amekwambia na mwaka gani.